Nilisema Imelika

Duka la mjomba wangu lilikuwa Mji Mkongwe, Unguja, katika kichochoro chembamba kiasi kwamba mteja mnene akisimama mlangoni, ndani kulikuwa giza. Mjomba alikuwa sonara. Pete na vidani alivitengeneza ndani, kwa taa, lakini sarafu za zamani tulizitazama nje, barazani, kwenye jua la asubuhi kabla halijawa kali. Alinifundisha kuishika sarafu kwa ukingo, baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha kuizungusha taratibu kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kizamani.

“Usiitazame sarafu,” alikuwa akiniambia. “Tazama mwanga unavyopita juu yake.”

Ilinichukua muda kuelewa. Sarafu hutengenezwa kwa kuweka kisahani kitupu cha fedha baina ya mihuri miwili ya chuma, kisha muhuri wa juu hushuka kwa nguvu. Fedha haina pa kukimbilia. Sehemu huingia katika mashimo ya muhuri, ikawa pua, nywele, bawa la tai. Iliyobaki husukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni, na katika kusukumwa huko huacha mifereji midogo sana ambayo jicho haliioni ila mwanga huiona. Ndiyo maana sarafu ambayo haijapita mikononi, ukiizungusha, mwanga huzunguka nayo kama miti ya gurudumu. Vidole vya watu huifuta mifereji hiyo kabla ya kufuta kitu kingine chochote. Sarafu inaweza kuwa na kila unywele mahali pake na kila herufi ikasomeka, lakini mwanga umelala. Hiyo imetembea.

Nyingi ya zilizoletwa kwetu zilikuwa riale za Maria Theresa. Wazee wa pwani waliziita reale ya Sham, ili kuzitenga na reale ya mzinga, yaani ile ya Kihispania yenye nguzo mbili ambazo watu wa huku na wa Uarabuni walizitazama wakaona mizinga. Malkia huyo wa Austria alikufa tarehe 29 Novemba 1780, na sarafu yake ikaendelea kugongwa ikiwa na mwaka huohuo wa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wameizoea sura ile na hawakutaka nyingine. Iligongwa Vienna, Venice na Milan. Katika karne ya 20, wakati Waitalia walipojiandaa kuivamia Uhabeshi na kuichukua mihuri kwa ajili ya Rome, Waingereza nao wakaanza kuigonga London, na baadaye hata Bombay. Zote 1780. Gramu 28 na kidogo, fedha safi sehemu 833 katika kila elfu.

Mjomba alikuwa akicheka watalii waliomuuliza kama ni kweli sarafu ile ina zaidi ya miaka mia mbili. Alikuwa akisema mwaka ulioandikwa ndio kitu cha mwisho cha kuiuliza riale. Uiulize kishikizo cha begani kina lulu ngapi na zimepangwaje. Uiulize manyoya ya mkia wa tai. Uiulize ukingo wake, ambako kumeandikwa kwa Kilatini maneno ambayo sikuyajua maana yake mpaka nilipokuwa mtu mzima: haki na rehema. Yalikuwa ndiyo kauli ya utawala wake. Nimeyapapasa maneno hayo kwa ncha za vidole mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo linahitaji maelezo kidogo ya kifundi. Naomba uvumilivu.

Sehemu zilizoinuka zaidi katika sarafu ndizo zinazolika kwanza. Katika riale ni nywele zilizo juu ya sikio, bega, na upande wa pili ngao iliyo kifuani mwa tai mwenye vichwa viwili. Hapo ndipo vidole, mfuko na sarafu nyingine husugua. Lakini sehemu zilizoinuka zaidi katika sarafu ndizo zilizo na kina zaidi katika muhuri, na fedha huzifikia mwisho. Pigo likiwa dogo, au mihuri ikiwa imekaa mbali kidogo, au kisahani kikiwa chembamba kwa unywele mmoja, fedha haitoshi kujaza kina kile. Tena kifua cha tai kipo nyuma ya kiwiliwili cha malkia, na pande hizo mbili hunyang’anyana fedha ileile. Basi inatoka sarafu mpya kabisa, ya dakika hiyohiyo, ambayo nywele zake juu ya sikio ni tambarare na ngao ya tai haina mistari.

Unaona tatizo. Sarafu iliyolika na sarafu iliyogongwa kwa pigo dhaifu zina upungufu mahali palepale. Ukizipiga picha na kumpa mtu asiyejua, atasema zote mbili zimechakaa. Moja imepoteza kitu. Nyingine haikupewa.

Kuna namna ya kuzitenga. Pale palipolika panakuwa laini, na rangi yake hubadilika kidogo, kijivu cha maziwa yaliyochachuka. Mwanga ukifika hapo unasimama. Pale ambapo pigo halikufika panabaki na ukavu na mikwaruzo ya kisahani kabla hakijagongwa, na mwanga hupita juu yake bila kusita, ukaungana na wa pembeni. Mjomba aliniwekea sarafu mbili za namna hiyo ubaoni kila asubuhi kwa muda unaokaribia mwaka mzima, akinitaka nimwambie ipi ni ipi. Siku niliyoacha kukosea hakunisifu. Alizitia tu kwenye mtungi, tukaanza somo jingine.

Miaka kadhaa baadaye mjomba alikuwa mgonjwa, na mimi ndiye niliyekaa dukani. Nilikuwa na umri wa miaka 26. Alikuja bibi mmoja wa mtaa wa pili, mtu ninayemjua tangu utoto, ambaye nimekula maandazi yake kila Ramadhani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa barazani akafungua fundo la kanga. Riale kumi na moja. Paa la nyumba yake lilikuwa linavuja na masika yalikuwa karibu. Alitaka fedha ya mabati.

Kumi zilikuwa za kawaida. Zimetembea, moja ilikuwa na alama ya kiungo kilichowahi kuchomelewa ili ivaliwe shingoni, mbili zimesuguliwa kwa majivu mpaka zikang’aa mng’ao wa sufuria. (Msisugue sarafu, tafadhali. Nimesema haya kwa watu wengi na sijawahi kusikilizwa.) Ya kumi na moja niliizungusha mara moja tu. Nywele tambarare, ngao ya tai tupu. Na mwanga ukazunguka.

Niliiweka chini ya kioo. Kwa lulu za kishikizo na kwa mkia wa tai niliona ni ya karne ya 19. Juu ya sikio la malkia palikuwa na ukavu uleule ambao mjomba alinifundisha mwaka mzima. Sarafu hii haikuwa imenunua kitu chochote maishani mwake.

“Hii vipi, mwanangu?” bibi aliuliza. “Hii mama aliniwekea mbali na zile nyingine.”

Nikasema, “Hii imelika, bibi. Tazama hapa nywele, zimekwisha. Lakini nitakuchukulia kwa uzito, sawa na wenzake.”

Alitazama nilipomwonyesha. Kweli nywele hazikuwapo. Akanyamaza kidogo, akasema haya. Nikampimia zote kumi na moja kwenye mizani, mizani isiyo na kasoro, nikamlipa bei ya fedha ya siku ile mpaka senti ya mwisho. Miezi mitatu baadaye nilimuuzia mkusanyaji mmoja mgeni ile ya kumi na moja kwa bei iliyokaribia mara sita ya uzito wake. Naye alipoonyesha kidole kwenye nywele na kusema imelika, nilimpa kioo na kumweleza kwa upole na kwa kirefu kwa nini haikulika, kwamba ni pigo tu. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Aliondoka ameshukuru.

Kwa muda mrefu nilijitetea hivi. Kupima daraja la sarafu ni rai. Mafundi wawili wakitazama sarafu moja watatofautiana. Mnunuzi halazimiki kumsomesha muuzaji. Soko ni soko. Na pia: bibi alipata mabati yake.

Katika miaka hiyo nilianza kusoma habari za asili ya madaraja haya. Leo hii wengi wanaokusanya sarafu hutumia kipimo cha 1 mpaka 70. Sarafu iliyolika mpaka ikatambulika kwa shida ni 1. Zile ambazo hazijatumika ni kuanzia 60, na 70 ni ile isiyo na dosari hata ukiitazama kwa kioo. Kipimo hiki kilitungwa na Mmarekani, William Sheldon, katika kitabu cha mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani zilizogongwa tangu 1793 mpaka 1814. Nambari zilitokana na bei: kama senti duni kabisa ya aina fulani ni dola moja, iliyo bora kabisa ilitazamiwa kuwa dola 70. Bei zilihama baada ya muda mfupi, nambari zikabaki, zikahamia kwenye fedha, dhahabu na kila kitu.

Kipimo hiki kina tabia moja ambayo haijawahi kunikaa vizuri. Sarafu iliyogongwa barabara, kila unywele wazi, ikapita mikononi siku chache tu ikapoteza mng’ao kidogo, hupewa 58. Sarafu iliyogongwa ovyo, uso kama uji, lakini haikutoka kwenye mfuko wa benki, hupewa 60 au 62. Ya kwanza ni nzuri kuliko ya pili na kila mtu anaona. Lakini ya pili haijaguswa, na kutoguswa kumewekwa juu ya uzuri. Wakusanyaji wenyewe hulijua jambo hili, hulicheka, na hulipa bei zao kwa nambari hiyohiyo.

Ila kilichonishtua zaidi ni mtu mwenyewe. Sheldon hakuwa mfanyabiashara wa sarafu. Alikuwa mwanasaikolojia, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima miili ya watu. Aliamini kwamba umbo la mtu linaonyesha tabia yake, na alitumia picha za wanafunzi wa vyuo vikuu wakiwa uchi kumpa kila mmoja nambari tatu, kila moja kati ya 1 na 7: kwa unene, kwa misuli, kwa wembamba. Katika mwaka uleule wa 1949 alitoa kitabu kingine, kuhusu vijana 200 wa Boston waliohesabiwa kuwa watundu, ambamo alitafuta utundu wao katika maumbo yao. Jicho lililoamua kwamba senti hii ni 40 na ile ni 65 lilikuwa pia likiamua kijana gani amezaliwa na kasoro.

Nilifunga kitabu hapo. Maana nilijua kazi ile. Kutazama uso uliopungukiwa na kusema, kwa sauti ya mtaalamu, umepungukiwa kwa sababu gani. Kijana mwenye njaa, kijana aliyepigwa, kijana ambaye hakupewa: Sheldon aliwatazama na kuona pigo dhaifu la asili. Mimi niliitazama sarafu yenye pigo dhaifu la asili nikasema ni maisha yaliyoifanya hivyo. Tulikosea kwa kuelekea pande tofauti, lakini yeye alikosea kwa kuamini. Mimi nilikuwa najua.

Na kuna jambo la pili kumhusu. Baada ya kufa kwake mwaka 1977 ilikuja kubainika kwamba alipokuwa akichunguza senti za chama cha American Numismatic Society huko New York, alikuwa akichukua zilizo bora na kuacha mahali pake zake zilizo duni za aina hiyohiyo. Alibadilisha. Aliyewafundisha watu tofauti baina ya 50 na 60 ndiye aliyeitumia tofauti hiyo, kwa sababu alijua wengine hawataiona.

Kubadilisha. Neno hili lishike, nitalirudia.

Mama yangu ndiye aliyeniambia, wala hakujua ananiambia. Ilikuwa jioni, anachambua mchele, ananipa habari za mtaa kama kawaida yake, moja inazaa nyingine. Akamtaja yule bibi. Nikauliza hajambo? Akasema hajambo, lakini nyumba ile imekuwa haina raha tangu habari ya riale.

“Riale gani?”

“Kwani hukusikia? Mkaza mwanawe alimbadilishia riale ya mamake. Aliitoa nzima akaweka iliyolika. Mwanamke wa watu hata amehama, amekwenda na mumewe kupanga Ng’ambo. Miaka miwili sasa hawazungumzi.”

Mchele ulikuwa unaanguka kwenye ungo kwa sauti ileile.

Kilichotokea kilikuwa hivi. Riale ile ya kumi na moja alipewa mama wa bibi siku ya ndoa yake, na mama huyo hakuitumia hata siku moja. Aliifunga kitambaani akaitia ndani ya kasha, na alipokaribia kufa alimwonyesha binti yake na kumwambia hii haijapata kushika mkono wa mtu wa sokoni. Bibi naye aliiweka vilevile. Hakuwa na elimu ya sarafu, lakini kitu kimoja alikijua kwa yakini: haikutoka ndani ya kasha. Kisha akakaa barazani kwetu, na kijana aliyemwamini, mpwa wa sonara, akamwonyesha kwa kidole nywele zilizokwisha, akamwambia imelika.

Sarafu haiwezi kulika ndani ya kitambaa. Kwa hiyo ile aliyoileta si ile aliyoachiwa. Kwa hiyo kuna aliyeibadilisha. Na ufunguo wa kasha, kila bibi alipolazwa, uliwekwa kwa nani?

Fikra zake zilikuwa sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kosa lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu.

Mpaka siku ile nilikuwa nimeihesabu dhambi yangu kwa fedha. Tofauti kati ya bei niliyonunua na bei niliyouza, nukta. Niliwahi hata kufikiri kwamba nikipata nafasi nitamrudishia sehemu, kwa njia ya zawadi, Idi labda. Sikuwa nimefahamu nilichokisema. Nilidhani “imelika” ni bei. Kumbe ni habari. Ni kusema: kitu hiki kimepita mikononi, kimetoka nyumbani, kimetumika. Ukisema sarafu imelika unawataja watu, hata kama huwajui majina. Mimi niliwataja, na bibi akaenda kutafuta ni akina nani, akawapata jikoni kwake.

Hapa ndipo utetezi wangu wa soko unapovunjika, nami nimeugeuzageuza sana kabla ya kuuacha. Kupatana bei ni mchezo ambao pande zote mbili zinaujua. Ningekaa kimya nikamwambia bibi nachukua zote kwa uzito, angeweza kukataa, angeweza kwenda duka jingine, angeweza kuniambia mwanangu we mwizi, tukacheka. Ningekuwa mnunuzi mwenye choyo, basi. Lakini aliniuliza, “Hii vipi?” Hakuuliza bei. Aliuliza fundi, na fundi akajibu kwa maslahi ya mnunuzi, kwa mdomo uleule. Tangu hapo hayakuwa mapatano. Yalikuwa ushahidi.

Na hata ule ukimya, sina hakika sasa kama ungetosha. Sisi tuliolelewa madrasa tulisoma kwamba Mtume alikataza watu kwenda kuwapokea wasafiri wa misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni na kujua bei. Na msafiri aliyeuza hivyo ana hiari akifika sokoni. Utotoni nilidhani ni sheria ya ngamia. Sasa naona barazani kwetu ndiko nje ya mji. Soko la bibi lilikuwa mbali sana, lilikuwa kwenye minada ya Ulaya na katika vitabu vya lugha asizosoma, nami nilimpokea njiani. Masheikh husimulia pia habari ya Jarir bin Abdillah, sahaba, ambaye alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwona, akamwendea muuzaji akamwambia farasi wako ni zaidi ya hiyo, utauza kwa 400? Akapandisha, akapandisha, mpaka akamlipa 800. Alipoulizwa akasema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Nilipokuwa mdogo kisa hiki kilinichekesha. Mjomba wangu hakucheka. Alisema Jarir alikuwa anawajua farasi, na hilo ndilo lililokuwa deni lake.

Mjomba alikwishafariki wakati mama ananipa habari ile. Sikumwambia chochote alipokuwa hai. Alikuwa ameniuliza mara moja, akiwa kitandani, dukani vipi, nikasema nimepata riale moja nzuri, pigo dogo lakini mpya. Akafurahi kwamba niliitambua.

Nilikaa wiki mbili bila kwenda. Naliandika hili kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa lina kazi hapa. Katika wiki hizo nilijaribu kumpata yule mkusanyaji ili niinunue tena riale kwa bei yoyote, nikaambiwa naye aliiuza. Nikahesabu fedha: bei niliyoipata, nikatoa uzito niliolipa, ikabaki tofauti, nikaitia kwenye bahasha. Kisha nikatafuta dukani riale nyingine ya pigo dhaifu. Moja ya zile mbili za asubuhi zilikuwa bado mtungini. Nikachukua na mwenzake aliyelika.

Alikuwa barazani kwake, anafuma kawa, mjukuu pembeni yake na kitabu cha shule. Mabati ya paa yalikuwa yamekwishaanza kutu upande wa baharini. Niliamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, chini yake. Nikasema kwamba ile riale ya mama yake haikuwa imelika. Kwamba haikubadilishwa na mtu. Kwamba nilijua siku ileile, na nikasema uongo ili niinunue kwa uzito, na nikaiuza kwa zaidi, na tofauti yake ni hii. Nikaiweka bahasha kwenye mkeka.

Hakuitazama. Aliendelea na ukindu mpaka mwisho wa mstari.

“Lakini nilitazama,” alisema. “Nywele hazikuwapo.”

“Hazikuwapo tangu mwanzo, bibi. Ilitoka hivyo huko ilikogongwa. Mama yako aliipokea hivyo.”

“Nionyeshe.”

Nikatoa zile riale mbili. Nikamwonyesha kuzishika kwa ukingo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo, ya uzee, na mwanzo aliifunika sarafu kwa kivuli chake mwenyewe, ikabidi ageuke kulielekea jua. Aliizungusha iliyolika, hakuona kitu. Akachukua ile nyingine. Aliizungusha, akasimama, akaizungusha tena kinyume. Niliuona mwanga ukipita usoni mwake, upande huu, kisha upande huu.

Akaziweka zote mbili ndani ya kawa. Hakuniambia kitu. Alimgeukia mjukuu.

“Leta simu,” akasema. “Nitafutie namba ya mama yako.”

Mtoto akabonyeza, akampa. Bibi akaishika simu mbali kidogo na sikio, kama wafanyavyo wazee, nasi sote watatu tukaisikia ikiita.